Kumjulisha Mshtakiwa: Uhakiki wa Istilahi za Ushahidi Katika Mashauri ya Jinai

Madhumuni ya makala haya ni kuzipima istilahi chache zitumikazo katika mashauri ya jinai, hasa zile zinazohusu haki ya mshtakiwa ya kuujua ushahidi ulioandaliwa dhidi yake kabla ya kuanza kujitetea. Hatukusudii kuwafundisha wanasheria sheria. Kazi hiyo ina wenyewe. Kazi yetu sisi ni maneno. Lakini mahakamani neno likikosewa, anayelipa gharama si mtafsiri aliyelichagua bali ni mtu aliyesimama kizimbani. Kwa sababu hiyo tumeona hatuna budi kulizungumza jambo hili mbele ya watafsiri, walimu na watumishi wa Serikali, ambao ndio wanaoyasambaza maneno haya kila siku.

Msukumo wa kuandika tuliupata katika wilaya za Handeni na Korogwe, tulikokwenda kusikiliza jinsi istilahi za sheria zinavyotumika nje ya vitabu. Wilaya hizi mbili zinafaa sana kwa uchunguzi wa namna hiyo. Korogwe iko kando ya Mto Pangani, kwenye reli ya zamani ya Tanga na barabara kuu iendayo Moshi na Arusha. Mashamba yake ya mkonge yaliwakusanya watu wa makabila mengi ambao lugha yao ya pamoja ilikuwa Kiswahili. Handeni ni nchi ya Wazigua, na ndani yake wamo pia wafugaji wenye kusema Kimaasai, ambao idadi yao iliongezeka tangu mwaka 2022 baada ya familia kutoka Ngorongoro kuhamishiwa Msomera. Kwa hiyo katika wilaya hizi atapatikana mtu aliyezaliwa na Kiswahili, mtu aliyejifunza Kiswahili shuleni, na mtu ambaye Kiswahili bado ni lugha ya sokoni tu. Wote watatu wanaweza kusimama mbele ya hakimu mmoja.

Nimepatiwa, Mheshimiwa

Tuanze na tukio moja. Mahakama hatuitaji, wala wahusika hatuwataji, kwa kuwa kosa tunalolieleza si lao. Mtu mmoja alishtakiwa kwa wizi wa mbuzi. Siku ya shauri kusikilizwa hakimu, kwa kufuata utaratibu, alimwuliza: "Umepatiwa maelezo ya mlalamikaji?" Mshtakiwa akajibu bila kusita: "Nimepatiwa, mheshimiwa." Shauri likaendelea. Mlalamikaji alipomaliza kutoa ushahidi wake, mshtakiwa akaambiwa kuwa ni zamu yake ya kumwuliza maswali. Akanyamaza kwa muda, kisha akauliza: "Mheshimiwa, huyu mwenzangu polisi alisema nini? Mimi sijui hata alianzia wapi." Hakimu, kwa hekima yake, alisimamisha usikilizaji. Alipomhoji zaidi akabaini kwamba yule bwana hakuwahi kuona karatasi yoyote. Siku aliyokamatwa alielezwa sababu ya kukamatwa kwake, na hayo ndiyo aliyoyaita maelezo. Iliamriwa apewe nakala, na shauri likaahirishwa. Nje, chini ya mwembe, alituambia maneno ambayo hatujayasahau: "Bwana, mimi nilielezwa. Karatasi sikupewa."

Hapa hakimu aliuliza swali sahihi, na mshtakiwa alijibu kweli tupu. Hata hivyo swali na jibu havikukutana, na haki iliyotolewa na sheria ilikaribia kupotea katikati yao. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Jinai ya mwaka 1985, katika kifungu cha 9 kama kilivyotungwa, ilimtaka hakimu ahakikishe kwamba mshtakiwa anapewa nakala ya taarifa iliyofikishwa polisi, pamoja na maandishi ya yale aliyoyasema mtoa taarifa, ikiwa mtoa taarifa huyo ametajwa kuwa shahidi. Katika mashauri mazito yanayopelekwa Mahakama Kuu utaratibu ni mpana zaidi: mshtakiwa husomewa yaliyomo katika maandishi ya mashahidi kabla shauri halijapelekwa huko, na shahidi ambaye maneno yake hayakusomwa haitwi bila ya taarifa ya maandishi kutolewa. Wazo ni moja katika hatua zote mbili: mtu asiviziwe kwa ushahidi.

Wazo hili si geni kwetu. Katika mabaraza ya wazee watu husutana. Aliyesema neno huitwa, akalirudia mbele ya yule aliyesemwa, na aliyesemwa akajibu hapo hapo mbele ya watu. Asiyekubali kusutwa huhesabiwa kuwa mzushi. Kwa hiyo tunapotafuta istilahi ya haki hii hatutafuti jina la kitu kilicholetwa na meli jana. Kisichokuwapo ni jina lililokubaliwa.

Neno lililobeba mizigo minne

Tulilitazama kwanza neno "maelezo", na tuliona kuwa katika mashauri ya jinai limetwishwa mizigo isiyopungua minne. Kwanza, ni ufafanuzi wa kawaida, kama vile mwalimu anavyotoa maelezo ya somo. Pili, ni maandishi ambayo polisi huyachukua kutoka kwa shahidi. Tatu, ni "maelezo ya onyo", yaani yale anayoyasema mtuhumiwa mwenyewe polisi baada ya kuonywa kwamba halazimiki kusema na kwamba atakayosema yaweza kutumiwa kama ushahidi. Nne, ni "maelezo ya awali", ambayo upande wa mashtaka huyasoma mahakamani ili kubainisha mambo yapi yanabishaniwa na yapi hayabishaniwi.

Mwanasheria huitofautisha mizigo hii kwa mazoea. Mkulima wa Mkata au mpasua mbao wa Magoma hana mazoea hayo. Akiulizwa kama amepewa maelezo, atalichukua lile la kwanza, kwa kuwa ndilo alilokua nalo. Na hata akilichukua la pili, bado haliko salama, kwa kuwa kitenzi "kupatiwa" hakisemi kama alichopatiwa kilipita sikioni au kilikaa mkononi.

Watu watasema: mbona neno hili limetumika miaka mingi bila ya malalamiko? Jibu letu ni kwamba zamani utata ulikuwa umefichwa na tafsiri. Mahakama za mwanzo zimetumia Kiswahili tangu Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1963 ilipoziunda. Lakini katika mahakama za wilaya kwenda juu, mashahidi walisema Kiswahili, hakimu akaandika Kiingereza. Yeye mwenyewe, kalamu mkononi, aliamua "maelezo" ya shahidi huyu ni yapi kati ya yale manne, akaandika neno la Kiingereza linalofaa, na jalada likapanda Tanga kwenye Mahakama Kuu likiwa safi. Makosa yalikuwapo, ila hayakuonekana.

Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Namba 1 ya mwaka 2021 ilibadili hali hiyo. Kiswahili kilifanywa kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, na Kiingereza kikaachiwa nafasi pale tu ambapo haki yahitaji kitumike. Sisi tuliopewa kazi ya kukikuza Kiswahili tangu Baraza lilipoundwa kwa Sheria Namba 27 ya mwaka 1967 tulilipokea jambo hilo kwa furaha. Lakini furaha isitufanye tusahau hesabu. Kuanzia hapo utata hauishii masikioni mwa hakimu; unaandikwa jaladani kama ulivyo. Jaji wa rufani akisoma kwamba "mshtakiwa alikiri kupatiwa maelezo" hana njia ya kujua ni maelezo gani. Alichokuwa akikibeba mtafsiri sasa chapaswa kubebwa na istilahi.

Faida nayo tuitaje, ili tusionekane kuwa tunalaumu tu. Mfano ni jibu la "Ni kweli". Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, katika uamuzi uliochapwa ukurasa wa 445 wa taarifa za mashauri ya Afrika Mashariki za mwaka 1973, ilieleza jinsi jibu la mshtakiwa linavyopaswa kuandikwa: shtaka lifafanuliwe katika lugha anayoielewa, na maneno yake yaandikwe kwa kadiri iwezekanavyo kama alivyoyasema. Mtu akisema, "Ni kweli mbuzi nilimchukua, lakini ni wangu, nilimkopesha," hajakiri wizi. Jalada la Kiingereza liliweza kuishia kwenye "ni kweli" na kuyaacha yaliyobaki. Jalada la Kiswahili halina sababu ya kuyaacha. Hapa lugha ya taifa inamlinda raia moja kwa moja, bila ya mkalimani katikati.

Ufichuzi, ufunuo na wenzao

Sasa tuyatazame majina yaliyopendekezwa au yanayosikika kwa ajili ya wajibu huu wa upande wa mashtaka.

"Ufichuzi wa ushahidi" ndilo tulilolikuta zaidi katika tafsiri. Tunalikataa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya maana. Kufichua ni kutoa hadharani jambo lililofichwa kwa nia mbaya: mtu hufichua wizi, hufichua njama, hufichua maovu. Anayefichua ni mwingine, si yule aliyeficha. Tulipowauliza wauza machungwa wa Kabuku neno hili lamaanisha nini, mama mmoja alijibu: "Ni mtu kaficha ushahidi, wenzake wakamtaja." Jibu lake ni sahihi kabisa kwa Kiswahili, na ni kinyume cha kile ambacho sheria inakusudia. Wakili wa Serikali anayempa mshtakiwa nakala hafichui siri ya mtu. Anatimiza wajibu wake. Ukiuita wajibu huo ufichuzi unamfanya auone kama aibu au usaliti wa upande wake.

Sababu ya pili ni ya kisheria, na ni nzito zaidi. Ipo Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015. Katika eneo hilo "kumfichua" mtu ni kumweka hatarini kwa kutoa jina lake. Hivyo katika shauri moja twaweza kuamriwa tuufichue ushahidi wa shahidi ambaye imekatazwa kumfichua. Mfasiri atakayeiandika sentensi hiyo hatakuwa amekosa sarufi, ila atakuwa amemchanganya kila msomaji. Istilahi mbili zinazokaa katika sheria moja hazipaswi kugongana hivyo.

"Ufunuo" halihitaji maneno mengi. Mzee mmoja wa Korogwe alilisikia akacheka: "Hayo ni ya kanisani." Neno limekwisha kupewa kazi yake katika dini, tuliache huko.

"Uwekaji wazi" lina uzuri wa kueleweka, lakini linakosea mahali. Jambo likiwekwa wazi limewekwa wazi kwa watu wote. Haki tunayoizungumza si ya umma. Ni ya mshtakiwa na wakili wake. Yapo mambo ambayo mshtakiwa lazima ayajue na magazeti hayapaswi kuyajua, mathalani jina la mtoto aliyedhulumiwa. Atakayeagizwa "kuweka wazi ushahidi" anaweza kutoa kingi kwa wasiohusika na kidogo kwa anayehusika.

"Utoaji wa taarifa" nalo ni pana mno. Taarifa hutolewa redioni, hutolewa polisi na mlalamikaji, na hutolewa na anayekusudia kukata rufaa. Neno linalofaa kila mahali halifai kuwa istilahi.

Mapendekezo yetu yanatoka katika vitenzi viwili ambavyo kila mtumishi wa Serikali anavijua. Cha kwanza ni "kujulisha". Kwa wajibu wote kwa jumla twapendekeza "ujulishaji wa ushahidi", kwa maana ya kumfanya mshtakiwa ajue, kabla ya usikilizaji, ushahidi uliopo, pamoja na ule unaoweza kumsaidia yeye. Cha pili ni "kukabidhi". Hakuna mwalimu mkuu wala karani asiyejua makabidhiano ni nini: kitu hutoka mkono huu, huingia mkono ule, na pande zote mbili hutia sahihi. Kwa tendo la kutoa maandishi twapendekeza "ukabidhi wa nakala".

Twajua hoja itakayotolewa dhidi yetu. Itasemwa kwamba kujulisha ni kwepesi, kwani mtu aweza kujulishwa kwa mdomo, na tutakuwa tumerudi palepale tulipoanzia. Itasemwa pia kwamba si kila ushahidi waweza kukabidhiwa: ng'ombe hakabidhiwi kwa nakala, wala gari. Hoja zote mbili ni za haki, na ndiyo maana tumeleta maneno mawili badala ya moja. Mtunga sheria atakapotaka karatasi itolewe aandike "kumkabidhi mshtakiwa nakala". Atakapotaka kitu kionyeshwe au habari zake zitolewe aandike "kumjulisha". Hakimu naye atauliza: "Umekabidhiwa nakala ya maandishi ya mlalamikaji?" Swali hilo tulilijaribu kwa watu mbalimbali wa Handeni na Korogwe, na kila mmoja alitazama mikono yake kabla ya kujibu. Sisi hatuhitaji ushahidi mwingine.

Wenzetu wa nchi jirani wamekwisha kuiandika haki hii mahali pa juu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 50, inampa mshtakiwa haki ya kuarifiwa mapema ushahidi ambao upande wa mashtaka unakusudia kuutegemea na kuweza kuupata kwa kadiri inayofaa. Uganda, Mahakama ya Katiba iliitoa haki hiyo mwaka 2008 kutoka katika maneno ya jumla ya Katiba yanayohusu muda na nafasi ya kuandaa utetezi. Katiba yetu ya mwaka 1977 haiitaji haki hii kwa jina. Mtu huijenga kutoka katika ibara ya 13(6), inayompa kila mtu fursa ya kusikilizwa kwa ukamilifu. Haki inayojengwa kwa hoja yahitaji jina lake zaidi kuliko haki iliyoandikwa, kwa kuwa asiyejua kuitaja hawezi kuidai.

Kidhibiti si kielelezo

Katika baadhi ya mambo Kiswahili cha mahakama kimetutangulia sisi wenye ofisi za istilahi. Mfano ni maneno "kidhibiti" na "kielelezo". Waandishi wa habari na baadhi ya watafsiri huyatumia kama visawe. Polisi na mahakama hawafanyi hivyo. Panga lililochukuliwa nyumbani kwa mtuhumiwa na kuwekwa katika stoo ya polisi ni kidhibiti. Likipokewa na hakimu, likapewa namba na kuingizwa jaladani, linakuwa kielelezo. Tofauti hiyo si ya pambo. Mahakama ya Rufani, katika uamuzi ulioripotiwa mwaka 2003, ilisema kwamba hati inayokusudiwa kutolewa kama ushahidi ipimwe kwanza kama inastahili kupokewa, ipokewe, ndipo isomwe. Maamuzi yaliyofuata yakasisitiza kwamba ikishapokewa ni lazima isomwe, ili mshtakiwa ajue yaliyomo. Mpaka kati ya kidhibiti na kielelezo ndio mpaka ambao sheria inaulinda. Mfasiri anayeandika "vielelezo vilivyokamatwa na polisi" ameuvusha ushahidi mpaka huo kabla hakimu hajauvusha.

Tukiyaacha maneno haya mahali pake twapata na jingine bure. Kuna masharti kuhusu mali iliyokamatwa: lazima ijulikane nani aliichukua, nani aliitunza, nani aliipeleka kwa mkemia, nani aliirudisha, na yote hayo kwa maandishi yenye mfululizo. Mahakama ya Rufani iliyaeleza katika rufaa ya jinai namba 110 ya mwaka 2007. Watafsiri wameyaita "mnyororo wa ulinzi", neno kwa neno kutoka Kiingereza, na msomaji akafikiri habari za pingu. Kwa nini tusiseme "mfululizo wa makabidhiano ya kidhibiti"? Kila afisa atajua papo hapo anatakiwa afanye nini: akabidhi, akabidhiwe, atie sahihi.

Hati moja yahitaji kutajwa peke yake, nayo ni fomu ya polisi namba 3, ambayo watu wote huiita PF3. Ndiyo inayobeba matokeo ya uchunguzi wa tabibu, na katika mashauri ya kujeruhi na ya kubaka mara nyingi ina uzito mkubwa. Sheria ya mwaka 1985 ilimpa mshtakiwa haki ya kutaka tabibu aliyeiandika aitwe ahojiwe, na mahakama ikatakiwa imfahamishe kuwa anayo haki hiyo. Lakini fomu ikijazwa kwa Kiingereza cha hospitali, kuisoma kwa sauti si kuijulisha. Twapendekeza maagizo na miongozo iandike "kusomewa na kufafanuliwa", wala isiishie kwenye "kusomewa". Na kwa yule ambaye Kiswahili chenyewe hakimtoshi, ufafanuzi utoke kwa mkalimani. Sheria inataka ushahidi utafsiriwe mbele ya mshtakiwa katika lugha anayoielewa. Kiswahili kimepewa heshima ya kuwa lugha ya mahakama, na heshima hiyo isigeuke kuwa kwa mzee wa Kimaasai kile ambacho Kiingereza kilikuwa kwa Mzigua.

Shaka gani?

Istilahi ya mwisho tunayoihakiki ni ile ya kipimo cha uthibitisho. Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967 inautaka upande wa mashtaka uthibitishe shtaka kupita shaka ambayo mtu mwenye busara angeweza kuwa nayo. Katika Kiswahili cha magazeti, na mara nyingine cha hukumu, jambo hili limekuwa "bila kuacha shaka yoyote". Neno "yoyote" limeongezwa na watu, sheria haikulisema.

Ongezeko hili linaumiza pande zote mbili. Mlalamikaji aliyepoteza shauri huambiwa kwamba ilibaki shaka, naye huondoka akiamini kuwa mahakama inadai jambo lisilowezekana, kwa kuwa hakuna jambo la wanadamu lisilo na shaka yoyote. Raia wakiamini hivyo huanza kujichukulia sheria mkononi. Kwa upande wa pili, hakimu anayejua kwamba kipimo hicho hakitekelezeki anaweza kukizoea kama maneno ya ada tu, akayaandika mwishoni mwa hukumu bila kuyapima. Kipimo kilichozidishwa huishia kutotumika. Twapendekeza "bila kuacha shaka yenye msingi", na twaomba neno "yoyote" liondolewe katika vitabu vya shule na katika tafsiri za sheria.

Somo la Katiba yenyewe

Watafsiri wengi huamini kwamba istilahi nzuri lazima iwe nomino, na ikiwa ndefu ndivyo inavyokuwa ya kitaalamu zaidi. Kwa hiyo tumesoma "ukisiaji wa kutokuwa na hatia" na majina mengine ya namna hiyo, ambayo hayatamkiki wala hayakumbukiki. Tuiangalie Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ambayo maandishi yake ya asili ni ya Kiswahili. Haki za binadamu zilipoingizwa ndani yake mwaka 1984, waandishi hawakutafuta nomino kwa jambo hilo. Katika ibara ya 13(6)(b) walipiga marufuku kumtendea mshtakiwa kama mwenye kosa kabla hatia yake haijathibitika. Walitumia kitenzi. Walisema nani asitendewe nini, mpaka lini. Mwanafunzi wa darasa la saba anaielewa ibara hiyo, na jaji anaweza kuamulia shauri kwayo.

Hilo ndilo somo kubwa tulilolipata katika uchunguzi huu. Kiswahili hukaa vizuri zaidi kwenye kitenzi chenye mtendaji na mtendewa. "Ujulishaji" tumeupendekeza kwa sababu orodha za istilahi hudai nomino. Lakini sheria yenyewe, amri ya mahakama na swali la hakimu viseme "kumjulisha mshtakiwa" na "kumkabidhi nakala". Ndani ya kitenzi hicho mshtakiwa yumo. Katika "ufichuzi wa ushahidi" hayumo: pana ushahidi tu, na anayeufichua.

Kwa muhtasari, twapendekeza kwamba "maelezo" lisitumike peke yake mahakamani, bali lifuatiwe daima na neno la kulibainisha, yaani "maelezo ya shahidi yaliyoandikwa" au "maelezo ya onyo". Na pale yanapokusudiwa mambo yanayosomwa na upande wa mashtaka kabla ya usikilizaji, pawe na "muhtasari wa mambo ya shauri". "Ufichuzi" liachiwe kazi yake ya kufichua maovu, na mahali pake pakae "ujulishaji wa ushahidi" na "ukabidhi wa nakala". "Kidhibiti" na "kielelezo" yatenganishwe. "Mnyororo wa ulinzi" ubadilishwe kuwa "mfululizo wa makabidhiano ya kidhibiti". Na shaka iwe "yenye msingi".

Haya ni mapendekezo, si uamuzi wa Baraza. Mahakimu, mawakili, waendesha mashtaka, walimu na hasa makarani wa mahakama, ambao huyasikia maneno haya yakitumika kila siku, watakuwa na mifano inayotuunga mkono na mifano inayotupinga, yote twaihitaji. Twawaomba watuandikie. Kabla ya kutuandikia, wafanye jaribio dogo: wamwulize mtu asiye mwanasheria, "Umekabidhiwa nakala?", kisha wamwulize mwingine, "Umefichuliwa ushahidi?" Wasikilize ni yupi atakayejibu, na ni yupi atakayeuliza wamemaanisha nini.